Nani amwite Mwinyi? Jibu kwa mwalimu anayeandika hadithi ya Mikindani

Marahaba, mwalimu. Swali lako nimelisoma, na kwa ajili ya wasomaji wengine nalieleza kwa ufupi. Unafundisha Kiswahili sekondari mkoani Lindi, na unaandika hadithi ya mfanyabiashara wa Mikindani mwaka 1895. Mhusika wako umempa jina la Mwinyi Hamadi. Mwenzako aliyesoma mswada amekushauri ulifute hilo "Mwinyi", kwa sababu katika fasihi yetu Mwinyi ni kabaila, mtu wa kukaa barazani akitumikiwa. Wewe unakumbuka kuwa marehemu bibi yako alilitamka neno hilo kwa adabu, kama anavyotajwa shehe. Unauliza yupi mkweli kati yao, na kama uweke "Bwana" ili uepuke maneno.

Usilifute, wala usiweke "Bwana". Mwenzako na bibi yako wote wamesema kweli, ila kila mmoja amesema kweli ya zama zake. Hadithi yako iko katika zama za bibi wa bibi yako, na wasomaji wako wako katika zama za mwenzako. Kazi yako ni kuwavusha, na chombo cha kuwavushia kimo ndani ya swali moja: nani anamwita Hamadi "Mwinyi", na akiwa mbele ya nani?

Asili ya neno haina mzozo mkubwa. Mwinyi ni mwenye: mwenye mji, mwenye nchi, mwenye watu. Usishangae ukilikuta katika vitabu vya zamani limeandikwa Mwinyi, Mwenyi, Mwenye, hata Muinyi. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na katika hati hiyo kasra moja husomwa "i" na husomwa "e". Aliyekuja kuhamishia herufi za Kirumi alichagua kwa sikio lake. Ukipanda bara kidogo kutoka kwenu, kwa Wamakua mkuu wa watu ni mwene, na shina ni hilo hilo. Unguja mtawala wa wenyeji aliitwa Mwinyi Mkuu, mwenye kasri lake Dunga. Katika miji ya Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, nako Mwinyi Mkuu alikuwa mmoja wa wakubwa wa mji, pamoja na jumbe, shaha, waziri na amiri. Kwa hiyo neno lina mizizi ya utawala. Lakini halikubaki kwa watawala. Lilishuka likawa la kumheshimu mtu mzima mwenye nyumba yake, watu wake na jina lake mjini.

Sasa tazama vitabu viwili ambavyo kila mwandishi wa hadithi za pwani ya karne ile angepaswa kuwa navyo mezani. Cha kwanza ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903, ambacho sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin na kufia huko mwaka 1927. Cha pili ni Safari za Wasuaheli cha mwaka 1901, ambamo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara. Yatazame majina yao kwa makini. Mtoro hajiiti Mwinyi Mtoro. Selemani hajiiti Mwenye Selemani. Heshima wameiweka kwa baba. Hapo umepata kanuni ya kwanza, na mimi naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote: Mwinyi ni neno la kupewa. Mtu hajitwishi mwenyewe. Watoto wake, wateja wake, jirani zake na watumwa wake ndio wanaomtwisha. Kama katika mswada wako kuna mahali Hamadi anabisha hodi na kusema "mimi ni Mwinyi Hamadi", parekebishe. Aseme "Hamadi bin fulani", na ikiwa baba yake alikuwa mtu wa heshima, basi "Hamadi bin Mwinyi fulani". Kwa sentensi hiyo moja msomaji ataona adabu ya mji mzima.

Kanuni hiyo ina upande wa pili ambao waandishi wengi wanausahau. Kwa kuwa heshima ilitoka kwa watu, ilimfikia hata mtu ambaye sheria ya wakati ule ilimhesabu kuwa si kitu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipokwenda bara kati ya 1857 na 1859, msafara wao ulikuwa na walinzi waliokuwa watumwa wa Mhindi mmoja wa Unguja aitwaye Ramji. Kiongozi wa walinzi hao katika kitabu cha Burton ni Muinyi Kidogo. Mtumwa kisheria, Mwinyi njiani! Wenzake walimwita hivyo kwa sababu huko njiani, penye njaa na hongo (ushuru wa kupita nchi za watu) na ugomvi wa wapagazi, yeye ndiye aliyekuwa na kauli. Mwandishi anayejua jambo hili hawezi kumchora Mwinyi wa karne ya kumi na tisa kama sanamu ya tajiri mmoja tu. Neno lilikuwa likigombewa. Mtumwa alilitaka, mzalia (mtumwa aliyezaliwa huku huku kwa bwana wake) alilitaka, mgeni kutoka bara aliyesilimu na kuvaa kanzu alilitaka.

Mwenzako naye tumpe haki yake, maana hakulizua. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na Azimio la Arusha la 1967, lugha ya heshima ilipinduliwa pamoja na mengine. Tukaitana "Ndugu". Maneno ya wakubwa wa zamani yakahamishwa kutoka kwenye salamu yakapelekwa kwenye hotuba: ubwana, ubwanyenye, ukabaila, na umwinyi. Mpaka leo mtu akiambiwa "acha umwinyi" anaelewa kuwa anaambiwa aache kukaa tu na kuagiza. Fasihi ikafuata mkondo huo huo. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972, Mwinyi ni tajiri mtu mzima anayemtamani binti aitwaye Bahati, na jina lenyewe linatosha kumwonyesha msomaji cheo chake na udhaifu wake. Mwaka 1978 ikatoka Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, na tangu hapo mlango ukafungwa. Fuad ni bwana wa shamba na kasri, Kijakazi ni mtumishi anayemtumikia kwa mapenzi hata pale anapodharauliwa, na mwandishi anatutaka tuione dhuluma ambayo Kijakazi mwenyewe anachelewa kuiona. Ni riwaya yenye nguvu kubwa. Vizazi vya wasomaji vimelijua neno Mwinyi kupitia kwake kabla ya kulijua kwa njia nyingine yoyote, isipokuwa kama ubini wa Rais wetu wa awamu ya pili.

Lakini angalia riwaya hizo zinazungumzia wapi na lini. Ni Unguja, zama za mashamba makubwa ya mikarafuu na mivutano iliyozaa Mapinduzi. Mwinyi wa huko ana shamba, hati na ukoo unaotawala. Hamadi wako yuko Mikindani 1895. Utajiri wake si mikarafuu. Ni mpira wa porini, sandarusi na pembe, vitu vinavyoshuka kichwani mwa watu kutoka uwanda wa Makonde na ng'ambo ya Ruvuma. Siku mzigo usiposhuka, umwinyi wake unapungua. Ukimvika joho la Fuad litampwaya.

Na mwaka wenyewe uliouchagua ni mzito. Ndio mwaka ambao boma la Wadachi, yaani Wajerumani, linajengwa hapo Mikindani, juu ya kilima, mji wote ukitazama. Ndio mwaka ambao Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, alinyongwa Kilwa Kivinje, na wenyeji mpaka leo wanapataja Mwembe Kinyonga. Wadachi walikuja na vyeo vyao: liwali mjini, akida huku na kule, jumbe kijijini. Vyeo hivyo wao walivichukua kutoka kwetu, wakavigeuza kuwa kazi ya serikali. "Mwinyi" hawakulichukua. Halikuwa na mshahara wala muhuri. Kwa hiyo mwaka 1895, mtu wa Mikindani akimwita mwenziwe Mwinyi, anatumia heshima ambayo boma halikuitoa na haliwezi kuinyang'anya. Hii ndiyo dhahabu ya hadithi yako, mwalimu, na ukiweka "Bwana" utaitupa yote.

Maana "Bwana" wakati ule ule lilikuwa linahama. Kabla ya hapo lilikuwa jina la heshima la watu wetu wakubwa: Bwana Heri wa Saadani aliyepigana na Wadachi, Bwana Mataka wa Siyu. (Huyo usimchanganye na Mataka wa Wayao, ambaye Livingstone alifika kwake Mwembe mwaka 1866 baada ya kuanzia safari yake Mikindani.) Wadachi walipotulia, bwana mkubwa akawa mzungu wa bomani. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya 1969 inayohusu Vita vya Maji Maji, anamwita mzungu Bwana Kinoo, na hapo "Bwana" halina hata chembe ya adabu. Ni neno linalotoka kinywani mwa mtu aliyeshikiwa kiboko. Baadaye likapoa, likawa la kazi: bwana afya, bwana shamba anayekuja kukagua mikorosho Tandahimba. Msomaji wa leo ukimwambia "Bwana Hamadi" atasikia barua ya ofisi.

Sasa kusini yetu. Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu waandishi wa pwani ya kusini wanaazima sana kutoka Unguja na Mombasa, na mji kama Mikindani haukuwa na lugha moja ya heshima. Sokoni walikutana Waswahili, Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wamakua, Wahindi na Waarabu, na kila mmoja alikuja na adabu yake. Mmakonde mwenye makamo ni mkulungwa. Myao huanza jina la mtu wa heshima kwa "Che". Wote hao hawakulazimika kumwita Hamadi "Mwinyi", na baadhi yao wasingekubali.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua kuhusu jambo hili ni barua ya Machemba. Huyu alikuwa mkuu wa Wayao aliyekaa uwanda wa Makonde. Mwaka 1890 Wissmann, mkuu wa Wadachi huku, alimtaka ateremke pwani kuonyesha utii, naye akajibu kwa barua, kwa Kiswahili, kwamba haoni sababu ya kumtii. Hoja yake ameijenga juu ya cheo: yeye ni sultani katika nchi yake, na Wissmann naye ni sultani katika nchi ya kwao. Fikiri juu ya ujasiri wa maneno hayo. Hakumtukana. Hakujishusha. Alimpa Mdachi cheo kile kile alichojipa mwenyewe, na kwa kufanya hivyo akawa amemkatalia kila kitu. Mwaka 1899 ilimbidi avuke kwenda Msumbiji, lakini barua imebaki. Ningekuwa nafundisha matumizi ya majina ya heshima darasani Lindi, ningeanzia kwa Machemba kabla ya utenzi wowote. Nawe unayo Lindi ya kujivunia hata upande wa ushairi: Utenzi wa Vita vya Maji-Maji ni wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa mji wako, uliochapishwa 1957. Usome kwa ajili ya pumzi ya lugha ya huko kwenu.

Nikuonyeshe kwa mfano mfupi ninavyofikiri. Tuseme Hamadi yuko barazani, mzalia wake Songoro anatoka nyuma ya nyumba.

"Mwinyi, wale wa mpira wamefika."

"Waite. Karibu, mkulungwa. Njiani salama?"

"Salama, Hamadi. Leo siku ya nne. Mzani wako ni ule ule wa mwaka jana?"

"Ule ule."

"Basi safari hii mimi ndiye nitakayeushika."

Na kabla mzigo haujafunguliwa, askari anaita kutoka barabarani: "Wewe Hamadi! Bomani, sasa hivi."

Mtu mmoja ameitwa mara tatu kabla mzani haujatundikwa. Kwa Songoro ni Mwinyi, kwa mzee wa Kimakonde ni Hamadi, kwa askari ni "wewe". Sijaeleza chochote kuhusu utumwa, biashara wala ukoloni, lakini vyote vimekwisha ingia barazani. Tena angalia kuwa Hamadi yeye ndiye aliyempa mzee heshima kwanza, kwa neno la kikwao, kwa sababu anauhitaji mpira. Heshima katika biashara hufuata mahitaji.

Hapo kuna jambo la kumwangalia Songoro, na hapa nakuomba usimwonee huruma Hamadi. Mwenzako anapokumbusha kuwa akina Mwinyi walikuwa na watumwa, anakumbusha kweli ambayo heshima ya bibi yako inaweza kuifunika. Songoro anasema "Mwinyi" mbele ya bwana wake. Je, jikoni anasemaje? Akisema "Mwinyi" hata jikoni, umetuonyesha mtu mmoja. Akisema "huyu", umetuonyesha mwingine kabisa. Na siku atakapoweza kuondoka, atalitamka neno gani la mwisho? Usiliachie neno hilo lijiandike lenyewe. Kila linapotokea katika kinywa cha Songoro, simama ujiulize kama ni woga, ni mazoea au ni mapenzi, kwa maana linaweza kuwa lolote kati ya hayo, na linaweza kubadilika kutoka sura moja hadi nyingine.

Msimulizi wako ndiye wa kukaa mbali nalo. Ikiwa hadithi inasimuliwa na mtu asiye ndani ya kisa, msimulizi aseme "Hamadi" tu. Akisema "Mwinyi Hamadi alinyanyuka", tayari amechagua upande, na msomaji aliyelelewa na Kasri ya Mwinyi Fuad atadhani unamkebehi, wakati aliyelelewa na bibi yako atadhani unamsifu. Liache neno lipite kwa wahusika. Kama msimulizi ni mjukuu wa Hamadi au mtoto wa mji, hapo ni halali yake, na hata inapendeza.

Umeuliza pia kuhusu mke wake, kama umwite "Mwana" kwa kuwa umesoma Utendi wa Mwana Kupona. "Mwana" la namna ile ni heshima ya wanawake wa kaskazini zaidi. Utendi wenyewe ni wa 1858, mtunzi alikuwa mke wa huyo Bwana Mataka wa Siyu, na binti aliyetungiwa ni Mwana Hashima; nyumba nzima imejaa heshima za Pate na Siyu. Kwa Mikindani mwite "Bi" na jina lake, au Biti na jina la baba yake: Biti Saidi, Biti Musa. Masikio ya watu wa Mtwara na Lindi yatalipokea hilo bila kuhitaji maelezo. "Siti" usilitumie kwake. Tangu mwimbaji Mtumwa binti Saad wa Fumba, Unguja, alipopewa jina hilo kwa ajili ya sauti yake, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake ukachapishwa 1958, ni vigumu kwa msomaji wa Kiswahili kuliona bila kumfikiria yeye. Ila kisa chake kikusaidie kwa Songoro, kwa sababu pale mtu aliyeitwa Mtumwa aliinuliwa na jina la heshima mpaka jina la kwanza likasahaulika kwa wengi.

Kuhusu maandishi: andika "Mwinyi Hamadi", maneno mawili, herufi kubwa zote mbili. Ukiunganisha likawa "Mwinyihamadi", msomaji atalichukua kuwa jina la kuzaliwa, kama alivyo mshairi Mwinyihatibu wa Tanga, au akina Mwinyijuma na Mwinyimvua unaowafundisha darasani. Lakini ikiwa hadithi inafika mpaka kwa wajukuu, miaka ya hamsini au sitini, basi waunganishie. Mjukuu aitwe Saidi Mwinyihamadi kwenye daftari la mahudhurio la shule, karani ameandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyosikia, na mtoto mwenyewe hajui kuwa nusu ya ubini wake ni heshima aliyopewa babu yake barazani.